Jumapili Tulizokwenda Kusoma Kuta

Kasha lilikuwa nyuma ya kioo, limemulikwa na taa ndogo ya manjano, na mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake kwenye sakafu ya makumbusho ya watu, nchi ya baridi, nikijaribu kuuona upande wake wa chini. Mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia subiri kwanza, ndiyo nahakikisha.

Usinicheke, rafiki yangu. Nilikuwa nimekwenda huko kwa mafunzo ya wiki mbili, sisi wachora ramani za nyumba kutoka nchi mbalimbali, na Jumamosi tukaachiwa tutembee. Wenzangu walikwenda madukani. Mimi nikifika mji wowote swali langu la kwanza ni makumbusho yako wapi, na la pili ni jengo gani hapa wenyeji wanajivunia. Nimeshasimama chini ya makuba mpaka shingo ikakakamaa. Nimeshaona ukumbi mzima wa viti ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kukalia hata kimoja. Lakini siku hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na kitu cha kwetu, na nikisema kwetu simaanishi Afrika. Namaanisha Keko, Wilaya ya Temeke, kwenye karakana ya baba yangu.

Kibao kilisema hili ni kasha la harusi, la pwani ya Afrika Mashariki, la karne ya kumi na tisa, fundi hajulikani. Chini yake kulikuwa na maelezo kwa herufi ndogo: kwamba maua yaliyochongwa upande wa mbele yana asili ya Uajemi, na kwamba ua moja katika safu ya pili limelazwa ubavu, pengine kwa makusudi, kama kinga dhidi ya kijicho. Nilisoma mara mbili. Nikacheka kwa sauti mpaka watu wakageuka. Kisha hasira zikanipanda, kwa sababu ua lile lililolala nilikuwa nalifahamu tangu nina miaka tisa, na nilijua kabisa nani alililaza. Alikuwa fundi mwashi, wa hapahapa Temeke, na kijicho hakikuhusika.

Ngoja nikurudishe nyuma.

Baba alikuwa seremala. Alikuja Dar es Salaam kutoka Njombe akiwa kijana, na mpaka anazeeka alivaa sweta asubuhi za Julai, sisi watoto tukitembea vifua wazi. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara pale Keko, mabati juu, mbele wazi, vitanda visivyopakwa rangi vimepangwa mpaka karibu na lami. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kufagia maranda na kuyajaza kwenye magunia, halafu kupiga msasa. Msasa ulinilainisha vidole mpaka nikawa siwezi kushika kikombe cha chai ya moto. Harufu ya mninga uliokatwa sasa hivi, harufu ya gundi inayochemka kwenye kopo la maziwa, mihogo ya kukaanga ya mama wa ng'ambo ya barabara yenye pilipili ya kutoa machozi, na sauti ya randa ikivuta ubao, shwaa, shwaa, tangu asubuhi. Ukinifumba macho leo ukanipitisha hapo nitakwambia ni ubao gani unapigwa randa.

Jumapili baba hakushika randa. Tulikwenda ibadani, tukarudi, mama akapakua wali na maharage, na tukimaliza kula baba anasimama, anachomeka penseli nyuma ya sikio, ananiambia, "Twende tukasome." Majirani walidhani anasema Biblia. Wakamsifu mama kwa kupata mume mcha Mungu namna ile. Kumbe tulikuwa tunakwenda kusoma kuta.

Tulikwenda kwa miguu. Tulisoma stesheni ya reli. Tulisoma kanisa la zamani la kule bandarini lenye vigae vyekundu, tukalizunguka mara tatu huku mimi nikilamba barafu ya ukwaju inayonivujia mpaka kiwiko. Tulisoma nyumba za Wahindi zenye roshani, baba akinionyesha jinsi roshani inavyoshikwa na ukuta isianguke. Mara moja mama alitutuma nyanya soko kubwa la Kariakoo. Baba alifika chini ya ile miavuli ya zege inayobeba paa, akainua uso, akasahau dunia. Alinieleza jinsi mvua inavyokusanywa huko juu na kuteremka. Nyanya hatukununua. Mama alipouliza ziko wapi, baba akamjibu kwa furaha kabisa kwamba lile paa linakunywa mvua. Mama akasema, "Vizuri. Basi leo tutakula paa kwa ugali."

Jumatatu moja mwalimu wetu wa darasa la tatu alitaka kila mtoto aeleze Jumapili alifanya nini. Nikasimama nikasema tulikwenda kusoma ukuta. Darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu naye akacheka, akaniambia, "Ukuta hausomwi, mtoto. Ukuta unaegemewa." Nilirudi nyumbani nikilia, nikamweleza baba. Hakunibembeleza. Alipuliza vumbi kwenye patasi yake akasema, "Kamwambie mwalimu wako, nyumba anayolala, kuna mtu aliisoma kwanza." Sikwenda kumwambia. Fimbo za mwalimu yule nilikuwa nazijua.

Na nikuambie jambo lingine ambalo aibu yake sijaimaliza mpaka leo. Baba alinipeleka makumbusho ya mjini, ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia nyumba ya makumbusho. Alivaa suti yake ya harusi. Kulikuwa na kiti cha chifu mmoja, kimechongwa gogo zima, kimewekwa juu ya jukwaa fupi. Baba alikizunguka, akachuchumaa, kisha akalala chali juu ya vigae, suti na yote, akaingiza kichwa chini ya kile kiti. Alikuwa na imani kwamba juu ya kiti fundi anamfurahisha mteja, chini ndiko anakosema ukweli. Mama mmoja mhudumu akaja mbio. "Mzee! Umeanguka?" Sauti ya baba ikatoka chini ya kiti: "Hapana, sista. Nasoma."

Pale ndani kulikuwa na familia nyingine, watoto wao wamevaa soksi nyeupe na viatu vya kung'aa. Nilisogea nikasimama katikati yao. Nikajifanya ni wao. Baba alipoinuka akajikung'uta, akaangaza macho kunitafuta, akanikuta kule. Alinishika mkono tukatoka, na njia nzima ya kurudi alinieleza kuhusu kile kiti.

Sasa lile kasha. Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi bibi mmoja mtu wa Pwani hasa, aliyezaliwa papa hapa Temeke kabla barabara hazijawa na majina. Alikuwa na binti yake wa mwisho anaolewa, akataka kasha la kumpa aende nalo kwa mumewe. Akaja karakana na udi wake unanukia mpaka maranda yakanukia.

"Fundi, nataka kasha la nakshi."

"Mama, mie mtu wa baridi," baba akamwambia. "Nakshi zenu za Pwani sizijui. Nitakuharibia shughuli yako."

"Kwani nimekwambia zetu? Weka yoyote nzuri. Ila usiniwekee sura ya mtu wala ya mnyama. Hiyo kwetu haifai."

Baba alihangaika wiki nzima kutafuta kitu kizuri kisicho na sura. Jumapili iliyofuata akakipata, na wala hakikuwa mbali: ni ukuta wa zahanati ya Temeke. Ulijengwa kwa matofali ya matundu, yale ya kupitisha hewa, na kila tofali lilikuwa na ua lenye majani matatu na kikonyo kifupi. Ukuta mzima maua, safu kwa safu, yote yakitazama juu. Wagonjwa walikaa mbele yake kwenye mabenchi tangu alfajiri wakipigwa na upepo unaopita kwenye maua hayo, na sidhani kuna aliyewahi kuyatazama.

Tulibeba karatasi ya mfuko wa saruji iliyokung'utwa na kupasuliwa, maana baba hakuwa na karatasi nyingine kubwa. Mimi nilishika pembe za chini, yeye akabana za juu kwa kiwiko na kuanza kusugua kwa kipande cha mkaa. Maua yakaanza kutokea kwenye karatasi moja baada ya jingine. Mlinzi wa zahanati akatuona.

"We mzee! Unaupima ukuta wa serikali?"

"Siupimi. Naunakili."

"Una kibali?"

"Cha kutazama?" baba akauliza, na mkono wake haukusimama.

Mlinzi aliinama kuitazama karatasi. Mwishowe akaja kushika pembe ya tatu, maana upepo ulikuwa unatusumbua.

Kwenye safu ya pili kulikuwa na tofali ambalo mwashi alilijenga kwa upande. Ua lake lililala. Sisi hatukuliona pale ukutani, lilitoka kwenye karatasi, na baba alikuwa akifuata karatasi yake kama askari anavyofuata amri. Alipokuja kushtuka, ua limeshachongwa kwenye kasha, limelala ubavu katikati ya wenzake. Alikaa chini akashika kichwa. Mti wenyewe ulikuwa mninga mzuri wa kutafutwa kwa tochi, na siku za harusi zimebaki chache. Akamwita yule bibi, akamwonyesha kosa, akamwambia ataanza upya.

Bibi alivaa miwani yake, akainama, akalipapasa lile ua kwa kidole. "Liache," akasema. "Makasha yote ya mjini hapa yanafanana. Hili hata likiibwa nitalijua."

Harusi ilifana, kasha lilibebwa vichwani na wanawake wanne wakiimba, na mimi nikala pilau mpaka nikashindwa kuinuka mkekani. Miaka mingi baadaye yule bibi alifariki, binti akahama, na nilisikia tu kwamba alipita mtu ananunua vitu vya kale nyumba kwa nyumba, akachukua vinu, mbuzi za kukunia nazi, na lile kasha. Nani alimwambia ni la karne ya kumi na tisa, sijui. Labda vumbi.

Kwa hiyo uelewe kwa nini nilipiga magoti. Kule chini, kwenye ubao wa kitako, baba alikuwa na mazoea ya kukwangua mistari mitatu kwa ncha ya patasi. Ilikuwepo.

Niliporudi nyumbani kwangu Bunju niliandika barua. Mtaalamu wa makumbusho yale, mama mmoja mpole anayesema Kiswahili kizuri kuliko mpwa wangu, akanipigia kwa video. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa upole uleule jambo lililoninyima raha kwa wiki kadhaa. Ukumbi ule ni wa vitu vya kale. Kama mimi nikithibitisha kwamba kasha lilichongwa juzijuzi Keko, litaondolewa pale, litapelekwa stoo. Watu hawataliona tena. Akaniuliza kama bado ninataka tuendelee.

Nikamwendea kaka yangu, aliyerithi karakana na sasa anatengeneza makochi. Alikuwa anabana kitambaa, misumari mdomoni. Akaitema.

"Sista, hii ishu achana nayo. Mzee yuko Ulaya ndani ya kioo, amewashiwa na taa. Watu wanapanga foleni kumwona. We unataka kumpeleka stoo?"

"Hawamwoni yeye. Pale wameandika hajulikani."

"Sie si tunajua?"

"Sie tukifa?"

"Basi hata stoo hawatamjua. Si bora huku anaonekana?"

Nakiri kwamba kaka hakuwa mjinga. Wapo mafundi wangapi wa Keko wanaoweza kusema kazi yao imesimama kwenye jumba kama lile? Nililala na swali hilo na kuamka nalo. Lakini kila nikikumbuka yale maelezo ya herufi ndogo, damu inachemka. Uajemi! Mwashi wa Temeke kakosea tofali, seremala wa Njombe kalinakili, bibi wa Pwani kalipenda, na sifa zote zinakwenda Uajemi. Kwamba maskini wa watu hawa hawawezi kuwaza ua mpaka liwe limeletwa na jahazi. Kwamba kitu chetu kikiwa kizuri lazima kiwe cha zamani, na kikiwa cha zamani lazima mwenyewe awe ametoweka bila jina. Hapana. Niliwahi kumkana baba mara moja kwenye makumbusho, nimesimama kati ya watoto wa soksi nyeupe. Mara ya pili nisingeweza.

Ushahidi wa ile karatasi ya mfuko wa saruji nilidhani haupo. Nikaenda kwa mama, Temeke, nikamkuta anachambua mchele. Nikamwamkia, nikamweleza yote, kasha, barua, stoo, na maneno ya kaka. Nikamuuliza kama anakumbuka karatasi ile iliishia wapi. Aliweka ungo chini, akaenda kwenye kabati la vyombo, akaanza kutoa sahani moja moja na kuzipanga mezani. Alipozimaliza akaivuta karatasi iliyotandikwa chini yake. Ilikuwa imekolea rangi ya chai na ina alama za duara za vikombe, lakini maua yalikuwepo, safu kwa safu, na lile moja limelala. Nyuma yake maandishi ya kiwanda cha saruji cha Wazo yalikuwa bado yanasomeka. Karne ya kumi na tisa, Wazo palikuwa na nyasi.

Nilipiga picha nikazituma siku ileile.

Nilitaka nipige na picha ya ukuta wenyewe. Nilipita pale Temeke nikazunguka kama mgeni. Zahanati ya zamani imevunjwa, pamesimama jengo la vioo ambalo lazima liwashe viyoyozi mchana kutwa ili watu wasiive ndani. Nikamuuliza kijana mmoja wa bodaboda kuhusu ukuta wa maua, akanitazama kwa huruma. Nyumba ya bibi yetu ni fremu za maduka sasa, wanauza simu na nywele za bandia. Karakana za Keko zimesogezwa na barabara mara mbili, na kaka anapiga msumari kwa bunduki ya upepo, ile shwaa, shwaa haisikiki tena. Sililii randa, kila chombo kina wakati wake. Ninachokikataa ni kuvunja kimyakimya, halafu watoto wetu waambiwe kwamba hapa hapakuwa na kitu, palikuwa uswahilini tu. Palikuwa na kitu. Nilishika pembe zake za chini kwa mikono yangu.

Majibu yalikuja baada ya miezi kadhaa. Wamekubali. Kasha limeondolewa ukumbini, limefungwa vizuri, liko stoo kwenye rafu yenye namba, na kwenye daftari lao wameandika upya: lilichongwa Keko, Temeke, Dar es Salaam, nakshi imetokana na ukuta wa zahanati, na ua la safu ya pili ni kosa la mwashi. Na jina la baba, yote mawili.

Nilikwenda kumsomea mama. Nilisoma polepole, nikimtafsiria neno kwa neno, nikitegemea atalia au ataniambia nimefanya vibaya kumtia mumewe gizani. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono akataka kuona mwenyewe. Nikampa simu, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Jina la baba yako wameacha h," akasema.

Nikatazama. Ni kweli. Jina la ukoo wetu lina h katikati, na wao hawakuiweka.

"Hata makarani wa hapa walikuwaga wanaiacha," mama akasema, akinirudishia simu. "Miaka yote mwenzangu alikuwa anairudisha kwa kalamu. Waandikie."

Nikakaa palepale kwenye mkeka wake, nikawaandikia.